Je, Wajua? CT Scan Ilizaliwa Katika Nyumba ya Santuri

Mwaka 1928 Bi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurikodi nyimbo. Santuri zilizotoka huko zilibeba nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, nembo ya HMV, mali ya Gramophone Company ya Uingereza. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na mshindani wake, Columbia, na kutokana na muungano huo ikazaliwa EMI. Je, wajua kwamba EMI hiyo hiyo ya santuri ndiyo iliyounda mashine ya kwanza ya CT scan duniani?

Uhusiano na Unguja hauishii kwa Bi Siti. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Albamu ya kwanza ya kundi lake, Queen, ilitolewa Uingereza na EMI mwaka 1973. Wakati huo mgonjwa wa kwanza alikwishapita kwenye mashine ya kampuni hiyo, na hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa zikipanga foleni kuinunua. Kampuni moja ilihifadhi sauti mbili za Unguja, zilizopishana kwa karibu nusu karne, na kati ya sauti hizo mbili ikamwezesha daktari kuona ndani ya kichwa cha mtu bila kukipasua.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba fedha za kuunda mashine hii zilitokana na mauzo ya nyimbo za Beatles, waliokuwa pia chini ya EMI. Ni hadithi tamu, lakini watafiti waliopekua hesabu walikuta kwamba Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa fedha nyingi zaidi kuliko kampuni yenyewe. Nalisema hili kwa makusudi, maana sifa inayowastahiki walipa kodi wa kawaida isiishie yote kwa wanamuziki.

Aliyeiunda mashine ni mhandisi Godfrey Hounsfield, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa Newark, Uingereza, mwaka 1919. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alijifunza mambo ya rada akiwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasoma diploma ya uhandisi wa umeme, akaingia EMI mwaka 1949, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akaongoza uundaji wa kompyuta iliyoitwa EMIDEC 1100. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kompyuta kabla ya kuwa mtu wa hospitali, na hilo ndilo lililoleta tofauti. Tangu Wilhelm Röntgen agundue mionzi ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895, madaktari walikuwa wakitazama vivuli. Mionzi inapita mwilini, mfupa unaizuia zaidi kuliko nyama, na kivuli kinabaki kwenye filamu. Tatizo ni kwamba vivuli hulaliana. Cha mbele na cha nyuma huchanganyika, na ubongo uliofungiwa ndani ya fuvu gumu karibu hauonekani kabisa. Swali la Hounsfield lilikuwa la mtu wa mahesabu: kama mionzi ikipitishwa kutoka kila upande, na kila mara ikapimwa kiasi kilichotoka upande wa pili, je, kompyuta haiwezi kurudi nyuma na kujua kilichomo ndani, nukta kwa nukta?

Jibu lake unaweza kulijaribu mwenyewe barazani. Chukua bao, chagua mashimo manne, mawili juu na mawili chini yake. Mwenzako aweke kete kisha afunike kwa kanga. Huruhusiwi kufunua, unaambiwa jumla tu. Mstari wa juu una kete 7, wa chini 5. Ukihesabu kwa wima, kushoto ni 8, kulia ni 4. Kwa mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, ni 7. Sasa tazama: shimo la juu kushoto limo katika jumla tatu, yaani 7, 8 na 7, ambazo pamoja ni 22. Ndani ya hizo 22 shimo hilo limehesabiwa mara tatu na mengine matatu mara moja moja. Kete zote ni 12. Ukitoa 12 katika 22 zinabaki 10, nazo ni kete za shimo hilo mara mbili. Basi lina kete 5. Mengine yanafuata yenyewe: kulia kwake 2, chini yake 3, na la mwisho 2. Umeona ndani ya kanga bila kuifunua.

CT scan ni hesabu hiyo hiyo. Mionzi ndiyo inayoleta zile jumla, mashimo ni vijisehemu vya mwili, na kete ni kiasi ambacho kila kijisehemu kinaizuia mionzi. Picha ya mashine ya kwanza ilikuwa na vijisehemu 80 kwa 80, yaani 6,400, na ili kuipata mashine ilichukua vipimo 160 katika kila pembe, pembe 180, jumla 28,800. Picha za leo kwa kawaida ni 512 kwa 512, na hapo vijisehemu vinapita laki mbili na nusu katika ukurasa mmoja tu wa mwili.

Mionzi yenyewe haikuwa mpya wakati wa Hounsfield. Ilikwishafanya kazi kwa miaka zaidi ya sabini, na mapema sana ikagusa pande zetu. Baada ya vita vya Adwa nchini Ethiopia, Machi 1896, askari wa Kitaliano waliorudishwa Naples na risasi mikononi walipigwa eksirei na daktari wa jeshi Giuseppe Alvaro, na hayo huhesabiwa kuwa matumizi ya kwanza ya eksirei kwa majeruhi wa vita. Miaka miwili baadaye, Sudan, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Battersby alikuwa na mashine ya eksirei kando ya mto Nile. Umeme wake ulitokana na askari waliokanyaga pedeli za baiskeli, na vifaa vyake alivizungushia vitambaa vilivyoloweshwa maji ili visiharibiwe na joto.

Joto hilo bado ni adui. Ukiingia chumba cha CT scan unasikia baridi, na wagonjwa wengi hudhani ni kwa ajili ya starehe yao. La, baridi ile ni ya mashine. Ndani ya duara lile kubwa kuna tyubu ambamo elektroni husukumwa kwa nguvu ya volti zipatazo 120,000 zikagonga sahani ya chuma cha tangsteni inayozunguka kwa kasi. Katika nguvu yote inayogonga pale, takriban asilimia 1 tu hugeuka kuwa mionzi. Iliyobaki yote ni joto, na sahani huwaka hadi kupita nyuzi 1,000. Ongeza unyevu wa kaskazi na hewa ya chumvi ya pwani, utajua kwa nini mafundi wa visiwani huipa kiyoyozi heshima sawa na mashine yenyewe.

Umeme nao lazima uwe thabiti. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, husimuliwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme na kuwekwa lifti, kwa hiyo Mji Mkongwe si mgeni wa umeme. Lakini Unguja hupokea umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Wa kwanza, wa mwaka 1980, ulitokea Ras Kiromoni ukaibukia Fumba, kule kule alikozaliwa Bi Siti. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Mwaka 2013 ukalazwa mwingine wenye uwezo wa megawati 100. Kwangu mimi waya ule ni kifaa cha tiba sawa na CT scan yenyewe, maana bila huo mashine ya mamilioni inabaki kuwa pete ya plastiki na chuma.

Wengi hawajui kwamba sehemu ya hesabu ya CT scan ilifanyika Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, na mwaka 1956 alikuwa mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Hospitali ya Groote Schuur ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia dawa zenye mionzi, kwa kuwa sheria ilidai hivyo, naye akakubali kwenda kwa siku moja na nusu kwa wiki. Pale aliona kwamba madaktari wanaotibu saratani kwa mionzi walipiga hesabu ya dozi kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, nyama, mfupa na pafu sawasawa. Jambo hilo likamkera. Akachongewa karakanani sahani ya alumini, ikazungushiwa pete ya mbao, akapitisha mionzi ya kobalti na kupima. Hesabu ikaleta jibu lisilotarajiwa: katikati ya alumini palikuwa na kitu tofauti kidogo. Alipouliza karakana, akaambiwa kweli, fundi alikuwa ametia kijiti cha alumini ya aina nyingine katikati. Hesabu ilikuwa imeona jambo ambalo mwenye hesabu mwenyewe hakulijua.

Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964. Dunia haikushtuka. Mojawapo ya maombi machache ya nakala aliyoyapata yalitoka kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji. Baadaye aligundua kwamba mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alikwishatatua msingi wa hesabu hiyo mwaka 1917, naye pia hakusikilizwa. Hounsfield alifika mahali pale pale kwa njia yake, bila kuijua kazi ya Cormack. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hounsfield hakuwa na shahada, Cormack hakuwa na udaktari wa falsafa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari wa kutibu.

Majaribio ya Hounsfield yalianza kwa chombo kilichofungwa juu ya mashine ya kukerezea vyuma. Picha moja ilichukua siku 9 kukusanywa, na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu kuihesabu. Alitumia ubongo wa ng'ombe. Machinjio ya kawaida ya London yalimpiga mnyama kichwani kwanza, damu ikavuja ndani ya ubongo na kuharibu picha, kwa hiyo ikabidi ubongo utafutwe kwa wachinjaji wa Kiyahudi, wanaochinja kwa kisu shingoni na kuiacha damu itoke. Msomaji aliyezoea machinjio yetu ataelewa mara moja kwa nini ule ulifaa.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe upande wa mbele wa ubongo aliingizwa kichwa kwenye mashine. Daktari wa picha alikuwa James Ambrose, naye pia mzaliwa wa Afrika Kusini. Kila mzunguko ulichukua kama dakika 5. Vipimo vikawekwa kwenye kanda ya sumaku, vikapelekwa kuhesabiwa kwenye kompyuta ya EMI. Picha iliporudi, uvimbe ulionekana wazi, wa mviringo, na mpasuaji alipofungua akaukuta pale pale. Leo duara linazunguka mara moja kwa chini ya nusu sekunde huku kitanda kikisogea, na kifua kizima huisha kabla hujachoka kuzuia pumzi.

Jina la Hounsfield limebaki katika vipimo. Kila nukta ya picha ina namba yake: maji ni 0, hewa ni hasi 1,000, mafuta ni karibu hasi 100, ubongo ni baina ya 30 na 40, damu mpya iliyoganda ni kiasi cha 60 hadi 80, mfupa mgumu ni 1,000 na zaidi. Tofauti baina ya ubongo na damu ni ndogo sana katika kipimo hicho kirefu, lakini mtaalamu wa picha huiambia kompyuta ionyeshe sehemu ile nyembamba tu, na damu hutokea nyeupe ndani ya kijivu.

Hapo ndipo mashine hii inapookoa maisha. Mtu akipata kiharusi, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Daktari bingwa naye hawezi. Na tiba zake hupingana: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayotolewa ndani ya saa nne na nusu hivi tangu dalili zianze, inaweza kumwokoa aliyezibwa na kumwua anayevuja. CT scan ya kichwa huamua kwa dakika chache. Tena ieleweke kwamba katika saa za mwanzo mshipa ukiziba picha inaweza kuonekana ya kawaida. Kazi kubwa ya picha ile ya kwanza ni kusema kama kuna damu au hakuna.

Kwa Unguja, hospitali iliyobeba mzigo huo kwa muda mrefu ni Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe, inayotazama bahari. Hapo ndipo ilipojengwa taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa ushirikiano na wapasuaji wa Uhispania wakiongozwa na José Piquer. Ni nani atakayepasua kichwa bila picha? Mtoto mwenye kichwa maji, kijana aliyeanguka na vespa, bodaboda aliyegongana na gari, wote huanzia kwenye ile meza inayoteleza ndani ya duara. Kule Bara, fedha za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilitumika pia kununua CT scan kwa hospitali za rufaa za mikoa. Nadhani hilo ni mojawapo ya matumizi bora kabisa ya fedha zile, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi hawezi kusubiri safari ya siku nzima.

Wapo waliopigwa picha bila kuwa wagonjwa. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa laini kiasi kwamba ikiguswa inageuka vumbi. Wakalikata bonge zima la udongo, wakalizungushia plasta, likapelekwa Nairobi na kisha Burgos, Uhispania, ambako lilichunguzwa kwa aina ya CT yenye kuona vitu vidogo mno. Ndani alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Ana miaka kama 78,000, na ndilo kaburi la zamani kabisa la binadamu wa aina yetu lililopatikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Habari zake zilichapishwa mwaka 2021, na mengi tunayoyajua juu ya namna alivyolazwa yalionekana kwanza ndani ya bonge la udongo, kwenye kioo cha kompyuta.

Mionzi nayo ina gharama yake. CT scan moja ya kichwa huupa mwili kiasi cha milisiveti 2 hivi, mara nyingi zaidi ya eksirei ya kifua, na karibu na kiasi ambacho binadamu wa kawaida hupata mwaka mzima kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, ambacho wastani wake duniani ni 2.4. Si kitu cha kuogopwa kinapohitajika, na si kitu cha kuombwa ovyo kwa maumivu ya kichwa ya siku moja. Matumizi ya mionzi Bara na Visiwani yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla hajalala kwenye meza. Wengine huchomwa sindano ya dawa yenye ayodini ili mishipa ionekane, na wakati inaingia mwili mzima husikia uvuguvugu, wengine hudhani wamejikojolea. Ni hali ya kawaida, hupita. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kudhurika na dawa hiyo, au anayemeza metformin kwa ajili ya kisukari, amwambie mhudumu mapema.

Basi ikitokea nyumbani kwako mzee akaamka uso umepinda au maneno hayatoki, usimpe aspirini, usimlazimishe kunywa maji wala kula, na usingoje jua lichwe uone kama itapita. Mpeleke hospitali saa ile ile, na ukifika mwambie daktari ni saa ngapi ulimwona mara ya mwisho akiwa mzima.